Bunduki ina teke la punda, nipunguzeje makali kwa ajili ya wife? Naomba ushauri

Wakuu habari zenu, mi niko Pennsylvania huku Marekani, msimu wa kulungu unafunguliwa mwisho wa Novemba na mwaka huu nataka niende na wife. Shida bunduki tunayo moja tu, ya risasi saizi ya .308, na inapiga teke sio mchezo. Juzi kapiga tatu za greini 165 (greini ni kipimo cha uzito wa kichwa cha risasi), ya nne nikaacha chemba tupu kimyakimya, kavuta traiga kafumba macho na bega limeruka lenyewe, yaani keshaiogopa.

Risasi najaza mwenyewe home. Nawaza nishuke kwenye vichwa vya greini 125 au 130 na baruti ya H4895, maana watengenezaji wenyewe wanaruhusu kuipunguza hadi asilimia 60 ya kipimo cha juu (baruti nyingine usijaribu huo mchezo). Hofu yangu kichwa kikienda taratibu sana hakifunguki, kinatoboa tu halafu mnyama anakimbia na kidonda. Hatupigi zaidi ya yadi 100, msitu wetu mnene.

Aliyewahi kuangusha kulungu kwa risasi nyepesi, ulitumia kichwa gani? Au nijibane tu ninunue bunduki ya .243, yenye risasi ndogo na teke dogo?