Tupeane uzoefu: kazi za "ukiwa nyumbani" zilizotupiga

Mama Wawili: Wakuu, jana mdogo wangu kanionyesha meseji: "Laiki video ukiwa nyumbani, elfu 60 kwa siku." Mwili ukanisisimka. Ni maneno yaleyale yaliyoniliza mimi. Waliopigwa njooni mseme, huyu binti asikie kwa wengi.

Kijana wa Tandika: Laki na ishirini, "ada ya mafunzo". Mpaka leo inaniuma.

Fundi Cherehani: Yangu ndefu. Nilikuwa nimetoka kujifungua, cherehani imelala. Siku ya kwanza nikalaiki video 3, ikaingia elfu 6, nikaitoa kwa wakala. Hiyo elfu 6 ndiyo ndoana yenyewe. Wakaniingiza kundi la Telegram, watu wanaposti risiti, "asante mwalimu". Kazi kubwa unaweka hela kwanza: elfu 30 ikarudi 39. Nikaweka 150,000. Kisha 480,000, na hizo zilikuwa za kikoba, mimi ndiye mtunza hazina. Salio linasoma 1,260,000. Nikitaka kutoa naambiwa nilipe kodi 300,000 kwanza. Saa 8 usiku nanyonyesha huku namwomba mtu nisiyemjua arudishe hela za wanawake 14. Kulipokucha kundi halipo.

Binti Kigoma: Pole sana dada. Wenzako wa kikoba je?

Mzee wa Hesabu: Vijana mnapenda hela za haraka.

Mama Wawili: Shikamoo mzee, lakini hapo hapana. Mtu ana kichanga anatafuta kazi, haraka iko wapi?

Mzee wa Hesabu: Marahaba. Nimekosea, anisamehe. Ila muwe mnaangalia kwanza BRELA, wale wanaosajili kampuni na majina ya biashara.

Kijana wa Tandika: Mzee, mimi walinitumia cheti cha BRELA! Kusajili jina si kibali cha kupokea amana za watu. Kibali hicho hutoka Benki Kuu (BoT).

Mpiga Chapa: Nasikiliza sauti zilizorekodiwa za wateja wa nje na kuziandika, mwaka wa tatu huu, sijawahi kulipia kazi hata shilingi mia. Mimi huwajibu matapeli: "Ada yenu ikateni kwenye mshahara wangu wa kwanza." Wote hupotea.

Binti Kigoma: Usiwajibu, watajua namba inatumika. Tuma meseji na namba yao kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli, kisha futa.

Fundi Cherehani: Binti Kigoma, nilisimama mbele yao nikasema yote. Wawili hawanisalimii mpaka leo. Nalipa kwa kushona sare za shule, imebaki elfu 90.