Wakuu msaada, biogesi yangu ya mabaki ya mboga haiwaki

MwanaPongwe: Habari zenu wakuu. Niko Pongwe hapa Tanga, nina kikarakana cha kusindika, mabaki yanajaa majirani wananuna, nikafunga tanki la lita 5,000. Gesi inatoka ila ukiwasha kiberiti inazima, na maji yake yananuka uchachu. Fundi anasema niongeze mabaki. Niongeze?

BiKidawa: Mwanangu kwanza nenda kawaombe radhi hao majirani. Mie mwaka jana wa nyuma yangu kaleta ng'ombe, nzi mpaka kwenye futari.

MkongeAsilia: Usiongeze hata kijiko! Mboga zinaoza haraka, bakteria wa mwanzo wanamwaga asidi, wale wa kutengeneza methani, gesi yenyewe inayowaka, wanazaliana taratibu sasa wanazidiwa. Uchachu ukizidi, kipimo chake pH kikashuka chini ya 6.5, wanagoma, wao wanataka kama 7. Hiyo inayotoka nyingi ni kabonidioksidi, haiwezi kuwaka. Ulianzia na kinyesi cha ng'ombe? Mabaki gani hasa?

MwanaPongwe: Kinyesi niliweka ndoo. Mabaki ni karoti, kabichi za Lushoto na vinginevyo.

MkongeAsilia: Vinginevyo ndio nini?

MwanaPongwe: Machungwa basi. Tunakamua juisi, msimu huu maganda ya machungwa ya Muheza ndio mengi. Ila fundi kasema ganda ni ganda, na tanki nshalipia.

MkongeAsilia: Mkuu ungesema toka mwanzo! Mafuta ya ganda la chungwa yana limonini, inawaua haohao bakteria wa methani. Acha kulisha, mwaga kinyesi kibichi cha kutosha, chokaa kidogo kidogo huku unapima pH, ikitulia ndio uanze na kabichi kiduchu.

Sahare_Finest: Hii chai. Nani anapika kwa kabichi? Weka picha ya tanki.

BabaZuu: Na mie nina wasiwasi, ID ya juzi hii.

MkongeAsilia: Chai au sio chai, jibu ni lilelile. Pale Hale, Korogwe, mabaki ya mkonge yalianza kuzalisha umeme wa biogesi miaka ya 2000, huko mlisema chai pia?

BiKidawa: Hale nina mkwe, ngoja nimuulize.

MwanaPongwe: Picha napandisha jioni, bando limekata. Ila maganda siwezi kuyaacha wakuu, hela yangu iko kwenye juisi. Nikiyaanika juani mafuta si yanaruka?

MkongeAsilia: Yanapungua, hayaishi. Tafuta kinyesi leo.