Kodi (programu ya kuchezea filamu na muziki) kwenye kompyuta ya zamani: LibreELEC au Debian?

Mzawa_Tanga: Wakuu, kuna Dell OptiPlex ya i5-4590, RAM GB 4, SSD GB 120. Inatakiwa iunganishwe na TV ya sebuleni kwa filamu na muziki; faili ziko kwenye diski ya nje ya TB 2, NTFS (umbizo la diski la Windows). Nitatumia Kodi. Iwekwe juu ya LibreELEC au Debian, mifumo miwili ya Linux? Mwenye kuzijua zote mbili naomba ulinganisho.

FundiSauti: Mkuu, kama kazi ni hiyo tu, LibreELEC. Ni Linux iliyopunguzwa ikabaki ya kuendesha Kodi peke yake. Mfumo wenyewe unasomwa tu, hauandikwi. Mipangilio na nyongeza zote hukaa /storage. Kwa hiyo umeme ukikatika ghafla mfumo hauharibiki kirahisi. Kinachoweza kuharibika ni hifadhidata ya Kodi ikikutwa inaandikwa, hivyo tengeneza nakala kupitia mipangilio ya LibreELEC na uihamishie kwenye flashi.

Pakua imeji (faili la kusakinishia mfumo) ya Generic (kama kuna kadi ya Nvidia, chukua Generic-Legacy), iandike kwenye flashi, zima Secure Boot kwenye BIOS, washa mashine huku ukibonyeza F12, chagua flashi. Angalizo: kisakinishi kinafuta diski yote. Kama kuna Windows unayoihitaji humo, chomoa hiyo SSD kwanza, weka nyingine.

BintiLinux: Mashine ikitakiwa pia kuchapisha barua au kufungua kivinjari, LibreELEC haifai. Haina apt (amri ya Debian ya kusakinisha programu), na hilo halina njia ya mkato. Kwenye Debian:

sudo apt install kodi i965-va-driver vainfo

Kwa chipu hiyo ya Intel ya kizazi cha 4 dereva ya video ni i965. Intel-media-va-driver inaanzia kizazi cha 5. Kisha mwingize mtumiaji kwenye vikundi vya video, audio, input na render. Hapo kwenye render ndipo wengi wanapokwama: akikosekana humo, /dev/dri/renderD128 haifunguki, kazi yote ya video inaangukia CPU, feni inapiga kelele na picha inakwamakwama. Endesha vainfo, inayoorodhesha video ambazo chipu inafungua; ukiona VAProfileH264High, mambo sawa.

Ubaya wa Debian ni toleo la Kodi kubaki nyuma. Debian 12 ilikuja na Kodi 20, wakati LibreELEC 12 ilikuja na Kodi 21.

Kisimani: Mfumo wowote utakaochagua, chipu ndiyo yenye neno la mwisho. Video hubanwa kwa miundo tofauti, kama H.264, HEVC, VP9 na AV1. i5-4590 inafungua H.264 kwa maunzi, lakini HEVC haimo. HEVC ya biti 8 ilianza kizazi cha 6, ya biti 10 pamoja na VP9 kizazi cha 7, AV1 kizazi cha 11. HEVC ya 1080p hiyo CPU itaimudu kwa nguvu zake. 4K ya biti 10 itapoteza fremu, na hakuna mpangilio wa kuiokoa. Filamu ikiwa inacheza bonyeza herufi O uone kama maunzi yanatumika.

Hiyo diski ya NTFS: ikichomolewa kwenye Windows yenye Fast Startup (kuwaka haraka, ambapo Windows haizimiki kabisa), Linux inaweza kuifungua kwa kusoma tu. Zima Fast Startup, kisha zima Windows kabisa kabla ya kuichomoa. Kama hairudi tena Windows, umbizo la Linux la ext4 ni bora. Usiweke FAT32, haipokei faili moja linalofika GB 4.

Mzawa_Tanga: Asanteni sana wakuu. Nyingi ni H.264, basi LibreELEC. Rimoti ya TV itafanya kazi?

FundiSauti: Haitafanya, kompyuta nyingi hazina CEC (njia ya kupitisha amri za rimoti kwenye HDMI). Washa udhibiti wa HTTP kwenye Settings, Services, Control, poti 8080, uweke nenosiri, halafu tumia Kore, programu ya rimoti ya Kodi, kwenye simu iliyo Wi-Fi hiyohiyo.

BintiLinux: Na kwenye Settings, Player, Videos, weka Adjust display refresh rate iwe On start/stop. Filamu ya fremu 24 kwa sekunde ikichezwa kwa 60 Hz, kamera ikizunguka polepole picha inashtukashtuka. Kama hauuoni mpangilio huo, pandisha ngazi ya mipangilio, kitufe kiko chini kushoto.