Nyumba ya Mkunazini na fungu la matengenezo

Kaka, Jumamosi, saa 3:10 asubuhi
Assalaam alaykum nyote. Shikamoo Ami, shikamoo Shangazi. Kama nilivyowaeleza juzi, mwenye ile nyumba ya Mkunazini, hapa Mji Mkongwe wa Zanzibar, anataka shilingi milioni 160, na fungu letu lote, pamoja na mchango wa Dada kutoka Muscat, ni milioni 190. Fundi niliyekwenda naye amenikadiria matengenezo ya milioni 17 na nusu, kwa hiyo tutabakiwa na milioni 12 na nusu za kununulia vitanda na kufungulia duka la chini. Naomba ridhaa yenu ili Jumatatu nitoe arubuni.

Shangazi, 3:22
Wa alaykum salaam, marahaba baba. Arubuni isitoke kabla Ami yako hajaiona karatasi ya huyo fundi. Nakujua wewe, ule mlango wa nakshi umeshakuchukua akili.

Dada (Muscat), 3:40
Shikamooni. Kaka, tafadhali ipige picha hiyo karatasi uitume hapa. Milioni 17 na nusu naziona ndogo kwa nyumba ya ghorofa mbili ambayo haijaguswa tangu sisi tukienda chuoni, na fedha zangu mimi nimezikusanya kwa miaka sita.

Kaka, 3:51
[Picha] Ameandika lipu ya saruji kwa kuta zote za chini, rangi ndani na nje, mabati machache ya paa, na taa. Nyumba yenyewe ni madhubuti, imesimama zaidi ya miaka mia moja.

Ami, 4:35
Marahaba wanangu. Beit al Ajaib, lile jumba la kifalme la hapa mjini, nayo ilikuwa imesimama tangu mwaka 1883, na tarehe 25 Desemba 2020 upande mmoja ukaporomoka, watu wawili wakafariki, tena ikiwa katika matengenezo. Kwa hiyo hoja ya umri tuiweke kando.

Karatasi nimeisoma mara mbili. Kuta za nyumba ile ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na udongo, unene wake wapata nusu mita, na huvuta maji kutoka ardhini kama utambi unavyovuta mafuta. Chokaa huyaachia maji hayo yatoke yakauke. Ukizivisha kuta saruji, maji hubaki ndani, chumvi ikajikusanya nyuma ya lipu, na baada ya masika mbili tatu lipu hufura na kumeguka pamoja na jiwe. Kwa maana hiyo, kipengele chake kikubwa kuliko vyote ni hasara ambayo utailipia mara mbili: mara ya kwanza kuipaka, na mara ya pili kuibandua. Kesho baada ya alasiri nitakwenda mwenyewe. Mwambieni dalali aje na ufunguo wa paa.

Ami, Jumapili, saa 12:48 jioni
Nimerudi. Katika chumba cha nyuma cha ghorofa ya kwanza nilichomeka bisibisi kwenye ncha ya boriti ya tatu kutoka dirishani, pale inapoingia ukutani, ikazama mpaka mpinini bila ya mimi kutumia nguvu; katikati ya boriti hiyo hiyo iligoma kabisa. Boriti hizo ni za mkoko, na mkoko ni mti mgumu, lakini ncha yake ikikaa ndani ya ukuta wenye maji huoza huku katikati ikionekana nzima, na chokaa ya dari huuficha ugonjwa huo. Nimegonga boriti zote za vyumba viwili vya nyuma na nimehesabu 22 za kubadilishwa. Nilipopanda juu nikakuta mchirizi umezibwa na majani na kinyesi cha njiwa, maji ya mvua yanashukia ukuta ule ule. Chumba hicho, kwa taarifa yenu, kimepakwa rangi mwezi huu. Harufu yake bado haijatoka.

Shangazi, 12:55
Nilisema mimi.

Kaka, 1:02 usiku
Ami, nimekubali. Je, tunaweza kuanza na vyumba vya mbele tukahamia, halafu paa tukalifanya mwakani?

Ami, 1:15
Hapana, mwanangu. Boriti mpya ukiziingiza chini ya paa linalovuja umezipeleka kuoza, na chokaa haiwezi kukauka kwenye ukuta unaonyweshwa kila mvua. Utaratibu ni paa na michirizi, kisha boriti, kisha kuta, na rangi mwisho kabisa. Vilevile kazi haianzi bila ya kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, kwani mji ule umo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na si kila dirisha utaruhusiwa kulibadilisha upendavyo. Muda wa kusubiri kibali nao uuhesabu, maana huku unalipa kodi kwengine.

Mdogo wetu, 1:50
Nimeyapanga makisio ya Ami. Paa na michirizi ni milioni 9, boriti na kazi yake milioni 8, kubandua saruji ya zamani na kupaka chokaa chini milioni 11, umeme milioni 4 na nusu, choo na mabomba milioni 5 na nusu. Jumla ni milioni 38. Nimeongeza asilimia 20 kwa yale yatakayofichuka ukuta ukifunguliwa, yaani milioni 7.6, na kodi ya miezi sita ya Kaka, milioni 3. Ukiziondoa zote katika milioni 190, bei ya juu kabisa tunayoiweza ni milioni 141.4. Ada za wakili sikuzitia, kwa kuwa Shangazi ameahidi kuzilipa.

Dada (Muscat), 2:04
Naomba hizo milioni 7.6 zikae katika akaunti ya Shangazi, asiziguse mtu kwa ajili ya vitanda wala duka.

Kaka, Jumatatu, saa 5:20 asubuhi
Nimempelekea dalali milioni 138 pamoja na picha ya bisibisi ikiwa imo ndani ya boriti. Mwenye nyumba ameshuka mpaka milioni 150 na anasema hapunguzi tena. Ameniuliza kama nina mteja mwengine wa kumletea.

Ami, 5:31
Muache. Masika haiko mbali. Mvua ya kwanza kubwa ikinyesha, muombe dalali atufungulie kile chumba cha nyuma, na mwenye nyumba awepo.

Shangazi, 5:33
Na mimi nitakuja, nichukulieni mwamvuli.