Tabaka za Tendaguru juu ya naisi: zinatuambia milima ilikoma kujengwa lini?

Mdau_Masasi: Habari wakuu. Vilima vya Masasi ni naisi (mwamba uliobadilishwa na joto na mgandamizo chini ya ardhi) iliyokunjwa vibaya. Tendaguru, Lindi, tabaka za kipindi cha Jura (zama za dinosauri) zenye miaka kama milioni 150 zimelala karibu bapa juu ya naisi ya jamii hiyohiyo. Naweza kuandika kwenye ripoti kwamba ujenzi wa milima ulikoma miaka milioni 150 iliyopita?

Nyundo_na_Dira: Hapana mkuu. Tabaka lisilokunjwa linasema tu kwamba mkunjo ulikwisha *kabla* yake. Upande wa pili shika mwamba wenye umri mdogo kuliko yote uliokunjwa au kupikwa (kubadilishwa na joto chini ya ardhi). Naisi za Mkanda wa Msumbiji, yaani mabaki ya milima ya kale ya Afrika Mashariki ambayo hizo za Masasi ni sehemu yake, zilipikwa takriban kati ya miaka milioni 650 na 550 iliyopita, kwa hiyo umebaki na pengo la milioni 400. Muda huo mlima uliliwa hadi mizizi.

Punguza pengo kwa mashapo ya kale zaidi. Karoo (tabaka za mashapo za zamani kuliko Jura) ya bonde la Ruhuhu ilianza kutuama miaka kama milioni 300 iliyopita. Imekatwa na kuinamishwa na mipasuko, lakini haikupikwa. Usichanganye hayo mawili: mpasuko wa bara kutanuka si mkunjo wa mlima.

Mchanga_Mawe: Kabla ya yote kagua mpaka wenyewe kati ya naisi na tabaka. Pima mwinamo juu na chini yake. Ukiona kokoto za naisi kwenye tabaka la chini kabisa, basi naisi ilikuwa imeshafika juu ya ardhi na inamomonyoka. Ukiona uso uliosuguliwa wenye mikwaruzo, au mwamba uliosagika, huo ni mpasuko, yaani miamba iliteleza na kukutanishwa hapo baadaye, na hoja yote inaanguka.

Zirikoni (punje ngumu za madini ambazo urani yake hugeuka risasi polepole, hivyo hupimwa umri): chukua kilo 3 hadi 5 za mchanga-mawe, pima punje zaidi ya 100. Tabaka haliwezi kuwa kongwe kuliko punje yake changa kuliko zote, ila usiamini punje moja. Ikipoteza risasi inaonekana changa kuliko ilivyo. Tumia kundi la punje 3 au zaidi zinazokubaliana. Na mchanga uliotoka kwenye naisi tupu utakurudishia umri wa naisi, kwa hiyo Tendaguru tegemea visukuku, hasa amonaiti (wanyama wa baharini wa kale wenye gamba la kujiviringisha).

Mdau_Masasi: Asanteni sana. Sasa niandikeje?

Nyundo_na_Dira: "Ulikoma baada ya naisi kupikwa, kabla ya Karoo kutuama." Ukitaka kubana zaidi, pima umri kwa gesi ya argoni iliyonaswa kwenye maika nyeupe (madini ya vipande vyembamba vinavyong'aa) ya naisi. Inakupa wakati joto la mwamba liliposhuka chini ya nyuzi 400 za Selsiasi hivi, yaani mwamba ulipokuwa ukipanda kuelekea juu ya ardhi na kupoa.