Ndoana namba 18: tundu lililoinama au lililonyooka?

FundiWaNyoya
Habarini wenzangu. Nimefunga flai za trauti, wale wadudu bandia wa nyoya na uzi juu ya ndoana, miaka tisa kwenye karakana Nairobi. Kule ndoana unawekewa mezani, huchagui. Sasa nimejitegemea, na mteja wa kwanza amenitia mtihani. Alitaka dazeni kumi za kuelea, namba 18, tundu la kufungia mshipi "lolote tu". Nikaanza na dazeni mbili kwenye ndoana za tundu lililoinama chini, ndizo nilizokuwa nazo. Amenirudishia: samaki anagusa, anaponyoka. Nimeishika moja dirishani na kweli, tundu limeshuka mpaka linaibia ncha nafasi. Nimfungie kwenye lililonyooka, au lililoinuka juu? La juu ni ghali huku Nyeri, na nikikosea tena nimekwisha.

KijanaWaGura
Dada, lililonyooka. Mimi hupeleka wageni mto Gura. Namba 12 au 14 tundu la chini halina neno, ndoana ni pana. Lakini 18 ni kadogo, kila unywele wa nafasi unahesabika. La juu nalo haliibi nafasi, ila kwa bei hiyo sioni haja.

Mzee_Jiliwa
Binti, kabla ya kununua muulize anafunga fundo gani. Wazee wa fundo la Turle hupitisha mshipi tunduni kisha hukaba shingo ya ndoana. Hilo linataka tundu lililopinda, juu au chini. Kwenye lililonyooka flai inavutwa upande. Pia pitisha uzi mwembamba kwenye tundu: ukikwama, waya haukufungika vizuri na utakata mshipi. Tupa.

FundiWaNyoya
Asante mzee. Nimempigia: ni lile fundo la kuzungusha mara tano, hata hajui Turle ni nini. Nimefunga sita za kujaribu kwenye lililonyooka. Ya kwanza na ya pili vanishi iliziba tundu, nikazizibua kwa sindano. Zilizofuata nikaacha mti wa ndoana mtupu kidogo nyuma ya tundu kabla ya kichwa cha flai. Zimetoka safi. Sasa zile dazeni mbili nifanyeje?

KijanaWaGura
Usitupe. Shika kwa koleo, pindua ncha pembeni kidogo sana, itashika. Dazeni moja nitachukua kwa nusu bei. Wageni wangu huziacha kwenye matawi kabla trauti hajaziona.

FundiWaNyoya
Nusu bei? Robo tatu, na nauli juu yako.