Mweka hazina wetu kachukua pesa za kikundi akamuuguza mama yake. Tumfukuze?

Mama Cherehani (Vingunguti)

Wakuu, habari za jioni. Nina siku nne sijalala vizuri, nimeona nilete hapa jambo langu.

Mimi ni fundi cherehani, naishi Vingunguti, upande wa kushukia Mto Msimbazi. Mwaka juzi masika mtaro wa nyuma yetu ulijaa, maji yakaingia ndani mpaka usawa wa kanyagio la cherehani. Waliokuja kunisaidia ni vijana waliokuwa wanashinda barazani kwangu, wale ambao kila mtu mtaani alikuwa anawaita wahuni. Walizama kwenye ule mtaro wakatoa makopo ya maji, ndala, pempasi, viroba, hata godoro. Mmoja akayatenga makopo pembeni, kesho yake akayauza. Kikundi kilianzia hapo.

Leo wako 14, watano ni wasichana. Siku tatu kwa wiki wanazoa taka kwenye kaya 300 na ushei, 2,000 kwa mwezi kila kaya, ingawa wanaolipa bila kuzungushana hawafiki 200. Makopo na plastiki ngumu wanauza kwa kilo. Kila Jumamosi wanagawana, mtu anapata kama 10,000, inayobaki inawekwa. Wana mkokoteni mmoja wao na mwingine wanakodi. Mimi ni mlezi tu. Kisanduku cha pesa kinakaa kwangu chini ya meza ya kukatia vitambaa. Ufunguo na daftari vilikuwa kwa mweka hazina.

Jumamosi iliyopita walitaka kuhesabu ili wanunue mkokoteni wa pili. Yeye hakutokea. Tukavunja kufuli, zikakosekana 286,000. Jumapili asubuhi akaja mwenyewe, kabla hata sijafagia. Alikuwa na risiti za hospitali, kazifunga kwa kipande cha mpira wa tyubu. Akazipanga moja moja juu ya meza yangu, za dawa, za vipimo, za kusafisha kidonda, kwa sababu mama yake ana kisukari na mguu uliharibika. Nilijumlisha mwenyewe, 241,500. Zilizobaki anasema ni bajaji na chakula cha wodini. Hakulia wala hakujitetea. Alisema, "Mama, nilikuwa nadhani nitazirudisha kabla ya mwisho wa mwezi." Ana miaka 22.

Vijana wamegawanyika. Wengine wanataka afukuzwe, wawili wanataka apelekwe polisi, wasichana wamenyamaza. Na kuna jambo lingine: wameomba mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, afisa atakuja kukagua vitabu. Mmoja ameshauri tuandike upya daftari ili hilo pengo lisionekane. Kikao ni Jumamosi hii. Naombeni ushauri.

Kijana wa Buguruni

Pole sana mama. Nitasema ukweli hata kama unauma. Kila mmoja kwenye hicho kikundi ana mama. Yule binti anayesukuma mkokoteni tangu saa kumi na moja alfajiri naye ana mama. Tulikuwa na kikundi cha kuosha magari, tukamsamehe mwenzetu mara ya kwanza, miezi mitatu baadaye watu wakaacha kuleta pesa mezani. Hakuna aliyegombana na mtu, waliacha tu. Angalau aandikishwe serikali ya mtaa mbele ya mwenyekiti.

Mzee Keko

Mama Cherehani, shikamoo. Nimekaa na vikundi vya vijana Keko zaidi ya miaka kumi. Kabla hujamjadili huyo kijana, fungua katiba yenu. Inasema nini mwanachama akiuguliwa? Nina hakika haisemi kitu. Nyingi za vijana zinaandikwa ili kupata usajili, zinajaa malengo na vyeo, ukurasa wa msiba na ugonjwa haumo.

Kina mama wa VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopeshana, walilijua hili zamani. Kwenye boksi lao kuna mifuko miwili. Mmoja ni wa hisa na mikopo. Mwingine ni mfuko wa jamii, kila mtu anachangia kidogo kila wiki, ukifiwa au ukiuguliwa unapewa mbele ya wote. Kijana wenu aliuguliwa, akatazama kulia na kushoto, akaona kisanduku kimoja na ufunguo uko mfukoni mwake. Alikosea, sipingi. Lakini kikundi chote kilimwacha peke yake na pesa ya watu 14, na mtu wa kwanza kumwacha hivyo ni sisi tunaojiita walezi. Nasema sisi kwa sababu na mimi nilifanya hivyo hivyo.

Sasa fanyeni hivi. Boksi lichomelewe makomeo matatu, kufuli tatu, funguo zikae kwa watu watatu wasio ndugu, na boksi likae kwa mtu wa nne asiye na ufunguo. Lisifunguliwe ila kwenye kikao. Mkimaliza kuhesabu, kiasi kilichobaki kitajwe kwa sauti na kila mtu akishike kichwani. Kikao kijacho, kabla ya kufungua, mtu yeyote aulizwe mlibakiza ngapi. Hata asiyejua kusoma anakuwa mkaguzi. Sisi tulikuwa na kijana hajui kuandika jina lake, lakini kwa kumbukumbu ya pesa hakuna aliyemfikia.

Kuhusu deni, alipe lote, ila msimkate mgawo wote. Ukimkata wote, wiki ya pili ataenda kubeba zege, utamkosa yeye na pesa. Mkateni nusu. Uhazina aondolewe, uanachama abaki nao. Iandikwe karatasi, asaini, na mashahidi wawili wawepo. Polisi msiende. Kesi itawala nauli na siku za kazi, na yeye yuko ndani halipi hata senti.

Halafu nakuuliza, kuna yeyote kwenye kikundi ameshakwenda kumwona huyo mama?

Mchezaji wa Zamani (Mathare, Nairobi)

Salamu kutoka Nairobi. Mimi nilikulia kwenye chama cha michezo cha vijana cha Mathare, MYSA, kilichoanza mwaka 1987. Huko timu ya mpira ikitoka kuzoa taka na kuzibua mitaro inapata pointi kwenye ligi, kama vile imeshinda mechi. Na kijana anayejitolea anaandikiwa pointi zake, zikifika kiasi fulani analipiwa karo. Nilichojifunza ni kwamba kazi ikiandikwa, kijana anaiheshimu. Huyo wenu akiongeza siku ya kazi ili alipe deni, ihesabiwe na ibandikwe ukutani pamoja na jina lake. Akimaliza kulipa, hiyo pia ibandikwe palepale.

Maendeleo Kata

Nafanya kazi ya maendeleo ya jamii, sitasema wapi. Mama, tafadhali daftari lisiandikwe upya. Hii mikopo ya asilimia 10 (nne vijana, nne wanawake, mbili watu wenye ulemavu) haina riba, na ilisitishwa mwaka 2023 kwa sababu ya vikundi hewa na marejesho kutorudi. Iliporudishwa 2024, macho yote yapo kwenye vitabu. Mimi nikikuta daftari la miaka miwili lenye wino wa rangi moja na halina hata mstari uliokatwa, hapo ndipo naanza kuuliza. Nikikuta tarehe, upungufu wa 286,000, muhtasari wa kikao, makubaliano ya kulipa na marejesho ya wiki mbili tatu, najua watu hawa watafanya nini siku mkopo wetu ukikwama.

Na pesa za kikundi zihamie kwenye akaunti yenye jina la kikundi, watia saini watatu. Kisandukuni ibaki ya matumizi ya wiki tu.

Mama Cherehani (Vingunguti)

Marahaba Mzee Keko, na asanteni wote. Kikao kimefanyika jana, kilianza saa tisa, tumetoka magharibi.

Niliwasomea majibu yenu yote kwenye simu, pamoja na la kijana wa Buguruni, kwa sababu kuna waliohitaji kusikia kwamba hasira yao ina haki. Swali la katiba lilipofika, katibu akaifungua, kurasa sita, akasoma mpaka mwisho. Hakuna neno ugonjwa. Hapo binti mmoja aliyekuwa amenyamaza wiki nzima akasema mwaka jana mtoto wake alilazwa siku tano, akaogopa kutuambia, akauza jiko lake la gesi. Baraza zima lilinyamaza. Mimi nilikuwa namwona kila siku ile wiki, na sikujua.

Wameamua hivi. Mfuko wa jamii ungekuwepo, mwenzao angepewa 50,000, basi wamempa na wakazitoa kwenye deni. Zimebaki 236,000, atalipa 5,000 kila Jumamosi, wiki 48. Uhazina amechukua yule binti wa jiko. Wawili waliotaka polisi hawakukubali kwa moyo, walisema wazi, lakini walisaini, na mmoja wao nikamwomba ashike ufunguo wa pili. Daftari limeachwa lilivyo. Boksi liko kwa mchomeleaji hapa jirani, nitalifuata kesho.

Kwa mgonjwa tulikwenda leo asubuhi, wanane. Alikuwa hajui pesa zile zimetoka wapi, na kijana alituomba asiambiwe. Tulibeba sukari tukakumbuka mlangoni kwamba ana kisukari, tukarudi dukani kubadilisha, tukachukua mchele na maharage.

Mzee wangu, naomba jibu la jambo moja. Mchango wa mfuko wa jamii nilipendekeza 1,000 kwa wiki, wasichana wakasema kubwa. Nyie Keko mliweka ngapi?

Mzee Keko

Wasikilize wasichana. Sisi tulianza na 300. Mtu akikosa 1,000 anaona aibu kuja kikaoni, na asipokuja wiki mbili umeshampoteza. Watu 14 mara 300 ni 4,200 kwa wiki, kwa miezi mitatu mtakuwa na 50,000 na zaidi, inatosha kumkimbiza mtu hospitali usiku. Na usiku hamuwezi kuitisha kikao, kwa hiyo andikeni kwenye katiba wenye funguo watatu wakikutana mbele ya mwenye boksi wanaruhusiwa kufungua mfuko huo mmoja tu, na kesho yake watangaze.